Faili la MIDI Halina Sauti: Mwongozo Kamili wa Kutumia Saundifonti

Miaka kadhaa iliyopita nilituma faili la MIDI kwenye grupu la WhatsApp la kwaya yetu: wimbo wa matoleo, sauti nne, nimekesha nao usiku kucha. Asubuhi majibu yakaanza kuingia. Mama mmoja wa sauti ya pili akauliza, "Mwalimu, huu ni wimbo au kengele ya mlango?" Kijana wa besi hakusikia kitu kabisa. Wa tatu akasema kwake kinanda kinalia vizuri, kwani shida iko wapi? Faili lilikuwa lile lile moja, na kila mtu alisikia lake.

Sababu ni kwamba faili la MIDI halina sauti ndani yake. Ni karatasi ya maagizo: bonyeza noti ya 60 kwa nguvu ya 80 kwenye chaneli ya 1, iachie baada ya muda fulani, kanyaga pedali, ongeza sauti. Ndiyo maana wimbo mzima wa dakika nne unaenea kwenye KB 20 au 30. Lugha hii ya maagizo ilionyeshwa hadharani Januari 1983 huko Marekani, pale kinanda cha kampuni ya Sequential kilipounganishwa na cha Roland ya Japani kwa waya, na kimoja kikakipiga kingine. Tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kuamrisha. Kulia ni kazi ya yule anayeamriwa.

Na anayeamriwa, kwa wengi wetu, ni maskini. Kwenye Windows maagizo husomwa kwa kutumia faili dogo liitwalo gm.dls, lenye sauti za Roland za miaka ya 1990, na ala zote ndani yake kwa pamoja hazifiki MB 4. Simu nyingi za Android zina chombo kidogo zaidi ya hicho. Tiba yake ni saundifonti.

## Saundifonti ni nini hasa

Ni faili moja lenye rekodi fupi za ala za kweli, ziitwazo sampuli, pamoja na maelezo ya kuzitumia: sampuli hii ilie kuanzia noti ipi hadi ipi, kwa nguvu ipi, na ififie haraka kiasi gani kidole kikiondoka. Ndani kuna ngazi tatu, na tutazihitaji baadaye: sampuli zenyewe, kisha ala inayozikusanya, kisha priseti, yaani jina na namba ambayo faili la MIDI litaiita. Teknolojia hii ilitoka kwa kampuni za E-mu na Creative, na watu waliijua kupitia kadi ya sauti ya Sound Blaster AWE32 ya mwaka 1994. Kadi zile zimebaki kwenye makabati ya mafundi. Aina ya faili inaishi mpaka leo, na kompyuta yoyote inaisoma bila kadi maalumu.

Namba za priseti zina mpangilio, nao ni General MIDI ya 1991, yenye ala 128: ya 1 ni piano, 20 ogani ya kanisa, 25 gitaa la nyuzi za nailoni, 43 selo, 53 kwaya ya "aaa", 57 tarumbeta, 109 kalimba. Chaneli ya 10 imetengwa kwa ngoma na midundo. Angalizo moja: baadhi ya programu huanza kuhesabu kwenye 0, kwa hiyo piano inakuwa 0 na ogani 19. Ukiona ala imekosea kwa nafasi moja tu, usihangaike kutafuta mchawi.

Kwenye kupakua utakutana na viambishi hivi: SF2 ndiyo ya kawaida, SF3 ni hiyo hiyo ila sampuli zimebanwa ili faili liwe jepesi, SFZ ni maandishi tu yanayoelekeza kwenye folda ya rekodi, sfArk ni kifurushi cha zamani ambacho lazima kifunguliwe kwanza. Ukiwa mgeni, tafuta SF2 na uendelee na safari.

## Jaribu kwa masikio kabla ya kusifia

Piga hesabu kidogo uone kwa nini ubora unakula nafasi. Rekodi ya stereo ya kiwango cha CD hutumia baiti 176,400 kila sekunde. Noti moja ya piano ya sekunde 10 ni karibu MB 1.8. Piano ina vitufe 88. Ukirekodi kila kitufe kwa nguvu tatu tofauti, umeshafika kwenye MB 465, na hiyo ni piano peke yake, hujagusa filimbi wala ngoma. Kwa hiyo kila mtengenezaji anapunguza mahali: anarekodi kitufe kimoja katika kila vitatu au vinne kisha anakivuta juu na chini, anakata mkia wa noti na kuzungusha kipande kifupi tena na tena, au anarekodi nguvu moja tu. Swali ni kama amepunguza kwa akili.

Majaribio matatu yatakupa jibu kwa dakika mbili. Vaa hedifoni. Kwanza, piga kuanzia C ya kati kwenda juu, nusu toni kwa nusu toni, kwa nguvu ile ile. Kwenye saundifonti ya ovyo utasikia noti tatu au nne zikizidi kuwa nyembamba, kama mtu anayebanwa koo, kisha ghafla inayofuata inanenepa. Hapo sampuli imebadilika. Nzuri nayo hubadilika, lakini usipotega sikio hujui wapi.

Pili, shikilia noti moja ya fidla au ogani kwa sekunde 15. Ikianza kusema "wuu-wuu-wuu" kama feni iliyolegea, kipande kinachozunguka ni kifupi mno. Kwa muziki wa kanisa kasoro hii inaua, kwa sababu noti ya mwisho ya "Amina" inashikiliwa mpaka padre ageuke.

Tatu, piga noti moja kwa nguvu ya 30, 60, 90 na 120. Piano ya kweli ikigongwa kwa nguvu haiongezi sauti tu, inang'aa, inakuwa na chuma ndani yake. Kama kinachobadilika ni ukubwa wa sauti peke yake, tabaka, yaani rekodi za nguvu tofauti, ni moja tu.

## Zipi za kupakua

Anza na GeneralUser GS ya S. Christian Collins. Ina karibu MB 30, ala zote za General MIDI zipo, na jambo ambalo wengi hawalithamini: ala zake zimepimwa zilingane. Tarumbeta haimezi piano, besi haipotei. Nimepakua saundifonti nzito mara kumi ya hiyo ambazo ngoma zake zilifunika kwaya nzima.

Ya pili ni FluidR3 GM ya Frank Wen, karibu MB 140, inayopatikana moja kwa moja kwenye hazina za programu za Linux. Juu ya msingi wake ikajengwa MuseScore General, ya MuseScore, programu ya kuandikia nota, ambayo kwa SF2 inapita MB 200 lakini kwa SF3 haifiki 40. Kama bando ni la mawazo, chukua hiyo ya SF3. Kompyuta ikiwa mzee kweli, kuna TimGM6mb ya MB 6, na bado inaishinda ile ya Windows.

Kwa piano peke yake, Salamander Grand Piano ya Alexander Holm ni zawadi. Ni piano ya Yamaha C5 iliyorekodiwa kila baada ya nusu toni tatu, kwa tabaka 16 za nguvu. Asili yake ni SFZ, ila wapo walioigeuza kuwa SF2 za ukubwa mbalimbali.

Usivutwe na faili la GB 2 kwa sababu ya ukubwa wake. Mengine ni mikusanyo ya sauti zilizonyonywa kutoka kwenye vinanda vya kampuni, bila ruhusa na bila mpangilio. Soma karatasi ya leseni inayokuja na faili, hasa kama utauza albamu. FluidR3 na GeneralUser zinaruhusu hata kazi ya biashara.

## Kuifunga kwenye kompyuta

Weka saundifonti zote kwenye folda moja ambayo hutaihamisha, kwa mfano Saundifonti ndani ya Documents. Programu hukumbuka njia ya faili. Ukilihamisha, sauti inapotea na wewe unaanza kulaumu spika.

Linux ndiyo rahisi kuliko zote. Fungua terminali, sakinisha FluidSynth, programu inayopiga MIDI kwa saundifonti, pamoja na saundifonti yake, kisha piga wimbo (amri hizi ni za Ubuntu na Debian):

```
sudo apt install fluidsynth fluid-soundfont-gm
fluidsynth -i -a pulseaudio -g 0.6 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2 wimbo.mid
```

Ile `-g` ni kiwango cha sauti. FluidSynth yenyewe huanza na 0.2, chini sana, na wengi hudhani imeharibika. Panda mpaka 0.6 au 0.8, na sauti ikianza kukwaruza shuka. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ikilemewa na saundifonti kubwa, ongeza `-o synth.dynamic-sample-loading=1` ili ipakie zile ala tu ambazo wimbo unaziita.

Kwenye Windows, sakinisha VirtualMIDISynth ya CoolSoft, inayofanya kazi hiyo hiyo. Ukiifungua utaona ukurasa wa Soundfonts. Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua faili lako la SF2, kubali. Kuanzia hapo ni kama umeweka kinanda kipya ndani ya kompyuta. Katika programu yako ya muziki nenda kwenye mipangilio ya MIDI, na pale palipoandikwa Microsoft GS Wavetable Synth chagua VirtualMIDISynth. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Watu wanaongeza saundifonti, hawabadilishi njia ya kutokea, kisha wanasema hawaoni tofauti.

Ukitaka kusikiliza tu, VLC inatosha. Bonyeza Ctrl na P, chini kushoto chagua All, fuata Input / Codecs, halafu Audio codecs, halafu FluidSynth, na kwenye nafasi ya saundifonti onyesha faili lako. Funga VLC, ifungue upya.

MuseScore ndiyo ninayoishi nayo, na walimu wa kwaya wengi wamehamia huko baada ya Finale, programu nyingine ya nota, kusitishwa Agosti 2024. Kwenye toleo la 4, fungua Preferences, kisha Folders, uone folda ya saundifonti iko wapi. Dondosha faili humo, fungua programu upya. Bonyeza F10 ije mikseri, na kwenye mstari wa Sound wa kila ala chagua saundifonti unayoitaka. Inawezekana soprano ikatoka kwenye saundifonti moja na ogani kwenye nyingine, na hapo ndipo utamu ulipo.

Na simu? Zipo programu za Android zinazopokea faili la SF2. Zinafaa kwa mpiga kinanda anayejifunza. Kwa wanakwaya 40 wenye simu 40 tofauti, sahau. Watumie MP3, nami nitaeleza namna.

## Kupandanisha saundifonti mbili

Unayo GeneralUser yenye ala zote, na unayo Salamander yenye piano tu. Hulazimiki kuchagua. FluidSynth inapopewa saundifonti mbili huanza kutafuta kwenye iliyopakiwa mwisho, na isipokuta ala inashuka kwenye ya chini yake:

```
fluidsynth -i -a pulseaudio GeneralUser.sf2 Salamander.sf2 wimbo.mid
```

Piano itatoka Salamander, kila kitu kingine kitatoka GeneralUser. Sharti ni kwamba piano hiyo iwe imewekwa benki (kundi la priseti) ya 0, priseti ya 0. Kama haiko hapo, ifungue kwa Polyphone, programu ya bure ya kuhariri saundifonti, na ubadilishe namba. VirtualMIDISynth nayo inakubali orodha ya saundifonti kadhaa. Badilisha mpangilio wao usikilize ipi inashika nafasi.

## Saundifonti haitaokoa nota zilizokufa

Hapa ndipo wengi huachwa njiani. Umeweka piano ya tabaka 16, unapiga wimbo wako, na bado unasikia roboti. Fungua faili uangalie velositi, yaani nguvu ya kila noti, inayohesabiwa kuanzia 1 hadi 127. Ukiandika nota kwa kipanya, programu huzipa zote nguvu moja. Katika MuseScore noti zilizo chini ya alama ya *mf* (nguvu ya wastani) hupewa 80, za *p* (polepole) 49, za *f* (kwa nguvu) 96. Wimbo wote wenye *mf* moja juu yake ni 80, 80, 80 mpaka mwisho. Tabaka 15 kati ya zile 16 ulizopakua kwa bando lako hazitaguswa hata mara moja.

Namna yangu ya kurekebisha imetoka kwenye Kiswahili chenyewe. Maneno yetu yanakazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwimbaji hulifanya hilo bila kuambiwa. Basi ifanyie noti hivyo hivyo. Chukua mstari huu, noti moja kwa kila silabi:

tu – le – TE – ni – sa – DA – ka – YE – tu
68 – 70 – 90 – 66 – 70 – 94 – 64 – 88 – 58

Sikiliza kabla na baada. Kinanda kinaanza kutamka. Noti ya mwisho iko chini kabisa kwa sababu pumzi inaisha. Fanya hivyo kwa sauti ya kwanza, kisha sauti nyingine tatu zipe namba zile zile pungufu ya 8 au 10, ili wimbo mkuu uelee juu. Usifanye kwa kila noti ya wimbo mzima, utachoka; beti moja na kiitikio, vingine unanakili.

Pumzi nayo. Kwaya hupumua, faili halipumui. Mwisho wa kila kifungu fupisha noti ya mwisho kwa robo ya urefu wake, uache kimya kidogo. Na pale unapoandika mwendo wa kupunguza, shusha kweli: kama wimbo ni pigo 88 kwa dakika, vipimo viwili vya mwisho vishuke 84, 78, 70.

Kwa piano, ongeza pedali, ambayo kwenye MIDI ni kidhibiti (agizo la kurekebisha mlio) namba 64: thamani ya 64 kwenda juu imekanyagwa, chini yake imeachiwa. Kosa la kawaida ni kuiachia kabla kodi, yaani noti zinazolia pamoja, haijabadilika. Mpiga piano huachia pale pale kodi mpya inapoanza, kisha anakanyaga tena mara moja.

Ogani ni habari nyingine. Ogani ya mabomba haijui nguvu ya kidole. Uguse au upige ngumi, bomba linalia sawa. Kwa hiyo velositi hapo haina kazi, na ndiyo maana ogani ya saundifonti hudanganya sikio mapema kuliko ala yoyote. Shughulika na urefu wa noti na kidhibiti namba 11, ambacho hukuza na kufifisha sauti taratibu.

Gitaa ndilo gumu. Kwa kodi, chelewesha kila uzi kidogo, milisekunde 10 hadi 20 kutoka ule wa chini kwenda juu, ili usikike mkono ukipita. Lakini solo la gitaa la dansi, lile la kuteleza na kukokota, bado sijasikia saundifonti inayolitoa. Mwite mpiga gitaa.

## Mwangwi

Rekodi nyingi nzuri ni kavu kwa makusudi. Zimechukuliwa karibu na ala, ndani ya chumba kilichonyamaza. Usipoongeza mwangwi, kwaya yako itasikika iko ndani ya kabati la nguo. Kidhibiti namba 91 ndicho kinachopeleka kila chaneli kwenye mwangwi. Mimi huanza na 40 kwa piano, 70 kwa ogani na sauti, na 20 kwa besi. Ngoma zikizidi 30 zinatapika tope. Halafu angalia kama saundifonti ina mwangwi wake ndani ya sampuli. Ukiongeza mwingine juu yake maneno ya muziki yanapotea.

## Ngoma na kayamba zako mwenyewe

General MIDI ina bongo, konga, marakasi na kalimba. Kayamba haimo, na ngoma yetu ya kanisani haimo. Taiko ya Japani ikipewa kazi ya ngoma ya Kisukuma, mzee yeyote kwenye benchi la nyuma atajua. Kutengeneza ya kwako kunachukua jioni moja.

Rekodi kwa simu, lakini kwa programu inayohifadhi WAV, faili la sauti isiyobanwa. Mara ya kwanza nilirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na mlio wa ngoma ukawa kama wa debe la mafuta, kwa sababu sauti hubanwa ili isafiri nyepesi. Ingia chumba cha kulala, simamisha godoro ukutani, weka simu hatua moja kutoka kwenye ngozi. Piga taratibu mara tatu, wastani mara tatu, kwa nguvu mara tatu, na baada ya kila pigo nyamaza mpaka ngoma ife kabisa. Kwa kayamba rekodi mtikiso wa kwenda na wa kurudi kando kando. Mbegu hazianguki sawa pande zote mbili, na ukitumia mtikiso mmoja kwa yote utapata sauti ya mashine ya kukoboa.

Kata kila pigo kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Kata karibu kabisa na mwanzo wa mlio. Kimya cha milisekunde 30 ukikiacha mbele, ngoma itachelewa wimbo mzima. Halafu:

1. Fungua Polyphone, anzisha saundifonti mpya, buruta WAV zako kwenye sehemu ya Samples.
2. Tengeneza ala mpya chini ya Instruments, buruta humo sampuli tatu bora: taratibu, wastani, kali.
3. Kwenye Velocity range andika 0–55 kwa ya taratibu, 56–95 kwa ya wastani, 96–127 kwa ya kali.
4. Kwenye Key range wape zote noti chache, tuseme 57 hadi 63, na Root key iwe 60. Noti 60 italia kama ngoma yenyewe, 57 itakuwa nene zaidi, 63 nyembamba. Kwa rekodi moja umepata ngoma kubwa, ya kati na ndogo.
5. Tengeneza priseti chini ya Presets, uiwekee ala hiyo, benki 0, namba 116. Hapo ndipo ilipo taiko, namba 117 ya General MIDI, kwa kuwa Polyphone huhesabu kuanzia 0.
6. Hifadhi, kisha ipandishe juu ya GeneralUser kama tulivyofanya na piano.

Kuanzia hapo kila wimbo unaoita taiko utalia ngoma yako.

## Mambo yanayokwama

Sauti ya tatu inalia kama masufuria yanayoanguka: imeangukia chaneli ya 10. Ilinipata kwenye utungo wenye kwaya mbili na ogani. Nilihesabu mistari, wa kumi ukawa ngoma. Ihamishie chaneli nyingine.

Noti zinakatika katikati pedali ikiwa imekanyagwa: idadi ya sauti zinazoruhusiwa kulia pamoja imejaa. Iongeze kwenye mipangilio, kumbuka kwamba piano ya stereo hutumia mbili kwa kila noti.

Sauti inakwaruza muda wote, hata ukiishusha: prosesa imezidiwa. Ongeza ukubwa wa bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kutoka, au tumia saundifonti nyepesi. Ukiwa unapiga kinanda cha USB moja kwa moja mambo ni kinyume. Bafa kubwa inakuletea mlio baada ya kidole, kwa hiyo ipunguze mpaka karibu ianze kukwaruza, kisha rudi hatua moja.

Kimya kabisa kwa ala moja, au piano inalia mahali pake: saundifonti haina priseti hiyo. Hili ndilo linalowapata wanaotumia saundifonti ya piano peke yake kwa wimbo wa bendi nzima.

## Kuwapelekea wanakwaya

Geuza kuwa sauti ya kawaida, ili simu zote zisikie kitu kimoja. MuseScore ina Export ya MP3 moja kwa moja. Kwa FluidSynth:

```
fluidsynth -ni -g 0.6 -r 44100 -F wimbo.wav GeneralUser.sf2 wimbo.mid
ffmpeg -i wimbo.wav -ac 1 -b:a 64k wimbo.mp3
```

Kwa kiwango hicho wimbo wa dakika tatu ni karibu MB 1.4. Stereo nimeiondoa makusudi, kwani simu nyingi zina spika moja, na hila ya kuweka soprano kushoto na besi kulia haisikiki humo. Badala yake toa nakala nne. Katika kila moja sauti inayofundishwa iwe kwenye 110 ya kidhibiti namba 7 (ukubwa wa sauti), zilizobaki 55. Usitumie ile kwaya ya "aaa" kwa mazoezi. Noti zake huanza kwa kuvimba polepole, na mwimbaji hajui aingie saa ngapi. Piano inaonyesha mwanzo wa kila silabi.

Na yule kijana wa besi? E yake ya chini ina karibu hezi 82, na spika ya simu ya bei nafuu haifiki huko. Nilimpa selo. Mlio wake una mawimbi mengi ya juu, na sikio likiyasikia hayo hujaza lenyewe ile noti ya chini isiyotoka. Siku hizi jina la sauti naliweka mwanzo wa jina la faili, BESI, kisha wimbo, kisha tarehe, maana kwenye kioo cha simu majina marefu hukatwa mkia.